Joto Chini ya Meza

Jumamosi, 4 Januari

Imezima mara moja, saa tisa na robo mchana.

Fundi wa kompyuta ndiye aliyenituma kuandika. Amesema, "Kila ikizima katikati ya kazi, andika siku na saa, uniletee." Basi nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Yeye alitaka mstari mmoja, lakini mimi ni DJ Kimbunga, sijawahi kufanya jambo lolote kwa mstari mmoja. Shule niliiacha darasa la saba, au yenyewe iliniacha, hilo bado tunabishana, ila kalamu sikuitupa. Nimetembea mimi. Nimepiga muziki miji minne, hoteli moja yenye lifti, na msiba mmoja kwa kukosea mlango.

Leo ilikuwa harusi, kwenye ukumbi ule ule wa bati ninaopigia kila Jumamosi, kuanzia saa nane mchana hadi saa moja jioni. Jua la msimu huu halichomi, linakaanga. Bati linalia juu kama bisi kwenye sufuria. Bibi harusi yuko katikati anacheza, mara laptopu ikafanya giza na muziki ukakatika. Nikadaka kipaza sauti: "Huu ndio mtindo mpya! Chezeni bila muziki, tumjue asiye na mdundo moyoni!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, dakika sita zikapita, ikapoa, ikawaka. Mimi hata nikitumbukia kisimani natoka na samaki mkononi.

Jumanne, 7 Januari

Fundi ameifungua. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha godoro la mtoto. Amelipuliza, amebadilisha ile dawa nyeupe inayopakwa juu ya moyo wa mashine. Akanionyesha: inavuta hewa kwa matundu ya chini, inatoa joto kwa matundu ya ubavu wa kushoto. Nikamwambia najua. Sikuwa najua.

Jumamosi, 11 Januari

Imezima mara mbili. Saa tisa, na saa kumi na dakika tano.

Na hapo imetoka kusafishwa! Mwaka jana haikuwa hivi. Mwaka huu ndio nimekuwa mtu: nina amplifaya mpya, nzito kama mama mkwe aliyenuna, na meza yangu imevishwa. Nilimwomba Mama Mapambo, yule mpambaji wa ukumbi, anishonee kitambaa cha satini cha rangi ya dhahabu, kizungushe meza pande zote hadi sakafuni, mbele kiandikwe DJ KIMBUNGA kwa herufi kubwa kama milango. Waya zote ndani, amplifaya ndani, hakuna kinachoonekana ila jina langu na mimi mwenyewe. Ukitazama picha utadhani ni benki.

Sasa benki inazimika kila saa moja.

Ijumaa, 17 Januari

Dada anaolewa! Tarehe moja mwezi wa tatu, Jumamosi, ukumbi huu huu.

Lazima nieleze, ingawa fundi wa kompyuta hayamhusu. Dada ndiye aliyenilea. Wazazi walipoondoka alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi saba. Anashona sare za shule. Kaptura zangu zote za utotoni zilitokana na masalio ya watoto wa watu, mguu mmoja bluu, mwingine kijivu. Nilipokuwa na miaka kumi alipata mchumba. Siku ya harusi watu wamejaa, kaseti inaimba, mimi nimekaa chini karibu na spika kwa sababu nilikuwa tayari mgonjwa wa spika. Mpiga kaseti akaguswa bega, akabonyeza, muziki ukakatika. Katika ule ukimya mjomba wetu akasimama akasema bwana harusi hajulikani alipo. Ndivyo alivyosema, kama mtu anayetangaza ng'ombe aliyepotea.

Bwana harusi huyo hakuonekana tena hadi leo. Na tangu siku ile redio ya dada haizimwi kwenye chumba chake cha kushonea. Muziki ukikatika ghafla, umeme ukipotea, utamwona anashika kitu: ukingo wa meza, mkono wa mtu, chochote.

Leo, miaka ishirini na mitano baadaye, kaniita akasema amepata fundi wa vioo, mjane, mpole, anayepiga miluzi akifanya kazi. Nikarukaruka kama mbuzi. Akasubiri nichoke.

"Muziki utapiga wewe," akasema.

"Apige nani mwingine, dada? Nitawapigia mpaka bati liombe radhi."

"Jambo moja tu, mdogo wangu. Usikatike."

"Dada, mimi?"

"Nimekwambia. Usikatike."

Jumamosi, 18 Januari

Imezima mara moja, saa tisa na nusu.

Nimejaribu barafu. Chupa nne za maji zilizogandishwa, nikazipanga chini ya laptopu, juu yake taulo. Mwanzo ikapoa vizuri, nikaanza kujisifu kwenye kipaza sauti. Kisha chupa zikatoa jasho kuliko wachezaji. Maji yakatambaa hadi kwenye vitufe, na sasa herufi M haibonyezeki. Nyimbo zenye M kwenye jina natafuta kwa macho.

Jumamosi, 25 Januari

Imezima mara mbili.

Nimejaribu feni ya mezani, nimeielekeza palepale panapotoka joto, ubavu wa kushoto, ipulize kwa nguvu zote. Ikazima mapema zaidi. Mke wangu amesema labda inaona haya kupulizwa mbele za watu. Nimeoa mchekeshaji, na nyumba moja haitoshi wachekeshaji wawili.

Jumamosi, 1 Februari

Haikuzima!

Kulikuwa na wingu zito, upepo mwanana, lakini hayo ni mapambo tu. Nimeiponya. Nimeweka matofali mawili chini yake, basi. Wasomi wangechukua miaka.

Jumatatu, 3 Februari

Nimepita kwa dada, nimemwambia laptopu imepona kabisa. Akatabasamu, akanipa shati alilonishonea, miguu, yaani mikono, yote rangi moja.

Jumamosi, 8 Februari

Imezima mara tatu. TATU. Saa nane na dakika hamsini, saa kumi kasoro robo, saa kumi na moja na nusu.

Jua lilirudi na deni lake. Mara ya tatu nilikuwa sina tena mzaha mdomoni. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kimbunga gani kisicho na upepo!" na ukumbi mzima ukanicheka mimi, si pamoja nami. Meneja wa ukumbi akaja akaniambia polepole, na Meneja akisema polepole ndiyo kapandisha hasira: "Ikirudia hivi, natafuta mwingine."

Shemeji yangu alikuwepo. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi wa mafriji, tunamwita Nusuneno kwa sababu hajawahi kumaliza moja. Alikuja kutengeneza friji ya soda ya ukumbi. Alisimama nyuma yangu na bisibisi yake, akatazama, akasema:

"Chini."

"Chini nini?"

"Chini moto."

"Shemeji," nikamwambia mbele ya watu, "friji ni friji, kompyuta ni kompyuta. Nikitaka kugandisha kuku nitakuita."

Watu wakacheka kidogo. Yeye akatabasamu kidogo, akaenda na bisibisi yake. Nimeandika hili kwa sababu daftari ni langu na hakuna anayelisoma, ila nikifumba macho naliona tena lile tabasamu lake dogo la kuomba njia.

Jumatano, 12 Februari

Joto. Hata mbu wamelala.

Jumamosi, 15 Februari

Sijui nianzie wapi, na mimi ni mtu wa kujua pa kuanzia.

Dada alikuja ukumbini leo kutazama mahali ambapo Mama Mapambo ataweka viti vya maharusi. Harusi ya watu wengine inaendelea, amejibanza pembeni asisumbue, kavaa gauni lake la kijani. Nilimwona, nikafurahi kama mjinga. Nikatangaza: "Ukumbini tunaye malkia wa mwezi ujao!" Watu wakageuka, wakapiga vigelegele. Dada akafunika uso na kiganja, anacheka. Nikaweka wimbo anaoupenda, ule anaoimba akipiga pasi, nikapandisha sauti. Mama Mapambo akamvuta mkono, wakaanza kucheza wawili, hatua fupifupi za watu wazima.

Ikazima.

Nilitazama kioo cheusi, nikajiona mwenyewe ndani yake, mdomo wazi. Nikainua macho. Dada alikuwa amesimama palepale katikati, watu wote bado wanamtazama kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia wamtazame. Mkono wake ulikuwa unatafuta kitu hewani cha kushika. Mama Mapambo alimwona, akampa bega. Dada akalishika hivi, kwa vidole vyote.

Kipaza sauti nilikuwa nacho. Mzaha hakuna. Nimeutafuta kichwa kizima, hakuna hata mmoja.

Ilipowaka, dada hakuwepo. Mama Mapambo akaja mezani kwangu. Nikadhani atanitukana, maana wiki iliyopita nilimwambia maua yake yanafanana na kabichi. Akasema tu, "Nimempandisha gari. DJ, mwanangu, tengeneza hii kitu."

Jumapili, 16 Februari

Nilikwenda kwa dada asubuhi. Redio inaimba. Hakuacha kushona.

"Jana samahani, dada."

"Uliniambia imepona."

"Ilikuwa imepona kidogo."

"Hakuna kupona kidogo. Ulijua?"

Nikaanza kuokota vipande vya nguo sakafuni. Akakata uzi kwa meno.

"Siku ile uje kama ndugu yangu tu," akasema. "Ukae mbele, ule, ucheze. Muziki nitamtafuta mwingine."

"Dada..."

"Sijakasirika. Kweli sijakasirika, mdogo wangu. Siwezi tu."

Angenipiga kwa pasi ningejua pa kushika. Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu. Mke wangu hakutania. Aliniwekea maji ya kuoga, akasema, "Kaka yangu alikwambia kitu, ukamcheka. Kesho yuko karakana."

Jumatatu, 17 Februari

Karakana ya Nusuneno ni chumba cha mafriji yaliyosimama kama watu kwenye foleni ya hospitali. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikasema tu, "Shemeji, nilikukosea. Nisaidie."

Akaendelea kufunga skrubu. Ilipokaza akasema, "Kesho saa nane. Ukumbini. Washa kila kitu."

Maneno saba! Nimeyahesabu njiani.

Jumanne, 18 Februari

Ukumbi mtupu, jua utosini, nikawasha kila kitu, satini yangu imetandazwa, jina linang'aa. Nusuneno hakugusa laptopu. Akakaa kwenye kiti, akafumba macho nusu saa, nikadhani amelala. Kisha akapiga magoti, akainua kitambaa mbele, akaingiza mkono mpaka bega.

"Njoo."

Nikaingiza wangu. Wallahi nilidhani nimeshika jiko la kuokea mikate. Amplifaya mle ndani inapumua moto, na moto hauna pa kwenda, satini imeufunga pande nne. Ubao wa meza wenyewe una matobo mapana ya kupitishia waya, basi joto lote linapanda hapo, na laptopu imekaa juu inavuta hewa kwa chini. Tangu Januari nimekuwa nikimlisha mgonjwa wangu makaa, huku nampepea usoni.

"Na hii?" Akaonyesha feni. Akaweka kiganja changu ubavuni mwa laptopu. "Inatoa huku. Wewe unaisukumia ndani."

Nilikaa chini sakafuni. Nikacheka mpaka machozi, na sina hakika yalikuwa ya kicheko yote.

Ndipo Nusuneno akasema sentensi ndefu, ya kwanza tangu nimuoe dada yake: "Shemeji, hata friji haileti baridi. Inatoa joto tu, inalitafutia njia."

Haya, nani aliacha shule hapa?

Tukatoa amplifaya, tukaiweka hatua tatu pembeni, juu ya kreti, mgongo wazi. Feni tukaipeleka upande wa kulia, isukume hewa kuelekea kushoto, ifuatane na pumzi ya mashine badala ya kupigana nayo. Matofali akayatupa, akaleta wavu wa chuma wa friji bovu, laptopu ikakaa juu yake hewa ikipita chini. Tukabaki na kitambaa.

"Lazima kiondoke," akasema.

"Chote?"

Akaanza kukusanya vyombo vyake. Amekwisha tumia maneno yake ya mwezi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemrudishia Mama Mapambo satini yake, nimeikunja vizuri, jina kwa ndani. Nilikuwa tayari kwa vita, maana ameishona siku nne.

"Nilidhani hutakaa uniambie," akasema. "Ile meza ilikuwa inaniunguza magoti kila nikipita kuweka maua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikuambie wewe? Saa ngapi, na kipaza sauti hukiweki chini?"

Nimemwomba radhi kwa kabichi pia.

Jumamosi, 22 Februari

Haikuzima. Jua lilikuwa kali kuliko la tarehe nane, saa tano mfululizo, sikuthubutu hata kujisifu. Waya zote nje kama utumbo, amplifaya uchi kwenye kreti, wapiga picha wananikwepa. Kila robo saa naweka kiganja ubavuni: vuguvugu, vuguvugu, vuguvugu.

Meneja amesema, haraka haraka, "Poa." Nimempenda.

Jumatatu, 24 Februari

Dada kaja mwenyewe, kabla sijaenda. Amesimama mlangoni.

"Mama Mapambo ameniambia Jumamosi alikaa kwenye kiti chake mpaka mwisho akisubiri ikatike."

"Haikukatika."

"Ameniambia hivyo. Ameniambia pia umetoa jina lako kwenye meza."

"Jina lilikuwa linaunguza, dada."

Akanitazama kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine, anautafuta ulipolegea. "Yule DJ niliyempata ana kikohozi kibaya," akasema. "Utapiga wewe."

Huyo DJ namfahamu. Hajakohoa maishani mwake.

Jumamosi, 1 Machi. Naandika nyumbani, jioni, viatu nimevua.

Bati lilianza kulia saa nne asubuhi. Mimi nilifika saa tatu. Nusuneno alifika saa mbili, na alikuwa amekwisha weka wavu, amekwisha weka feni, na amekaa pembeni ya amplifaya na sahani ya chakula mapajani kama mlinzi. Mke wangu akaniambia, "Kula." Nikashindwa. Mimi, nikashindwa kula!

Saa nane wakaingia. Fundi wa vioo kavaa suti inayombana mabegani, anapiga miluzi bila sauti. Dada amejishonea gauni mwenyewe, jeupe, halina masalio hata kidogo. Nilikuwa nimeandaa utangulizi wa dakika kumi. Nikasema, "Huyu ni dada yangu," nikaweka muziki.

Saa tisa, vuguvugu. Saa kumi, vuguvugu. Saa kumi na moja jua liliingia kwa dirisha la magharibi likaja moja kwa moja mezani kwangu. Kabla sijafungua mdomo Mama Mapambo ameshika ile satini ya dhahabu, amepanda kiti, ameitundika dirishani. Jina langu limeangalia nje, wapita njia walisome wakitaka. Ndani pakawa na kivuli.

Nilimtazama dada kila wimbo unapobadilika, pale katikati ya wimbo na wimbo, kama pale nyuzi zinaposhikana. Mwanzo mkono wake ulikuwa mgongoni mwa kiti. Baadaye ulikuwa kwenye glasi. Baadaye sana nikaona uko hewani, unacheza tu, haujashika kitu.

Saa kumi na mbili kasoro kidogo akaja mezani, jasho limemlowesha, viatu mkononi.

"Kata," akasema.

Sikusikia, au nilisikia nikakataa. "Nini, dada?"

"Kata muziki, mdogo wangu."

"Umepatwa na nini? Unaumwa?"

"Kata bwana, wewe mbishi!"

Nilimtazama Nusuneno. Akainua mabega. Nikashusha sauti taratibu, akanipiga kofi mkononi: hapana, yote. Nikabonyeza.

Ukumbi mzima ukasimama kwa mguu mmoja. Wale wazee wetu waliokuwepo ile siku ya kaseti niliwaona wanatazama chini. Bati likasikika. Feni ikasikika. Dada alisimama peku pale mbele, mikono imening'inia, hakutafuta bega la mtu. Akageuza kichwa polepole hadi akampata mume wake, ambaye alikuwa mbali, mwisho wa ukumbi, anamsaidia mtoto wa mtu kufunga kiatu.

"Wewe," dada akaita. "Upo?"

Fundi wa vioo akainuka. Hakuelewa, nadhani, au alielewa kuliko sisi sote.

"Nipo."

Dada akatikisa kichwa kukubali, mara mbili, kama mtu aliyepima kitambaa akakuta kinatosha. Hakulia. Aliyelia ni Mama Mapambo, na Meneja, ambaye anasema ni vumbi.

"Haya, washa," akaniambia.

Jumapili, 2 Machi

Nimeamka saa saba mchana. Watu wananiuliza niliweka wimbo gani pale aliponiambia niwashe, maana wanasema hata wazee waliacha viti. Mimi ninayejua nyimbo elfu nne kwa kichwa, na zile zenye M. Nimemuuliza mke wangu, hajui. Nimempigia Nusuneno.

"Mzuri," akasema, akakata simu.